PocketBook Era ya giga 16: inasoma, inasema, na inacheza MP3 zangu mwenyewe

Wandugu, mambo. Shuleni, kanisani, ata mu teksi, watu wananiuliza iyi kitu natembea nayo mu mfuko wa koti ni nini, ni telefone kubwa ama ni tablete. Ni lizezi, kimashini cha kusomea vitabu. Kioo chake hakiwaki machoni kama cha telefone, kinafanana na karatasi, juani unasoma bila kukifunika na mkono, na usiku kuko taa ndogo za pembeni zinamulika ukurasa. Ya kwangu ni PocketBook Era ya giga 16, niko nayo miezi 8 sasa, na nitasema yote nayoona juu yake. Ila nitaanza na ile ya kwanza nilinunua kabla yake, juu iyo ndo ilinifunza kuangalia, na masomo yenyewe niliyalipia.

Mama yangu anaishi na sisi uku Panzi, Bukavu. Miaka yote nilimuzoea akisoma Biblia asubui mbele ya chai, leo macho yameingia ukungu, haoni tena ata herufi kubwa za vichwa vya sura. Kaka yake, mjomba wetu wa Walungu, alikua mtu wa hadithi, hadithi za Mashi, lugha yetu, za sungura na fisi, za mwami na mtoto wa maskini, na mwaka moja kabla hajafariki nilienda na Mama, na telefone, nikamurekodi siku mbili mfululizo. Vipande 11, jumla saa 3 na dakika kama 20. Unasikia kuku wanapita, unasikia mvua inaanza, unasikia anakohoa alafu anasema ngoja nirudie apo. Kwetu iyo rekodi ni mali. Ilikua inakaa mu telefone yangu na jioni Mama akisema "niwekee kaka yangu" naweka, alafu mtu anapiga, hadithi inakatika katikati, ama betri inafika 9 juu kutwa nzima ilikua delestaji, umeme umekatwa, ama watoto wanalilia telefone. Nikasema kuliko ivi nitafute kitu kimoja, mimi nikisomee vitabu vyangu vya historia (nafundisha Kadutu, na vitabu vya karatasi vinanikuta na bei kali), na jioni kikae na Mama.

Nikashuka mujini upande wa Nyawera. Duka sitaitaja na alama ya ile mashini sitaitaja, juu shida haikua alama, shida ilikua maneno ya kwenye karatoni na vile mimi niliyaelewa. Kijana ananiambia, "Prof, iyi iko na Bluetooth, iko na audio, yote iko mule ndani." Nikasoma karatoni mwenyewe, ni kweli, imeandikwa Bluetooth, imeandikwa audio. Nikatoa dola 90, kijana akakagua kila noti mbele na nyuma kama haina kipasuko, nikarudi nyumbani na furaha yangu. Usiku nikaunganisha na kompyuta, nikaweka vipande 11 vya mjomba, nikachomoa. Vitabu viko, mjomba haonekani. Nikaweka tena. Nikabadilisha majina ya faili, nikatengeneza folda nyingine, nikazima nikawasha, hapana. Bluetooth yenyewe ilikua inashikana na bafle (spika ya inje) vizuri kabisa, bafle inalia kwamba imeunganishwa, alafu kimya. Na Mama amekaa apo kwenye kiti chake anangoja. Nikamwambia Mama, tutajaribu kesho.

Kesho yake kijana wa duka akaniambia mashini haina ubaya, na kweli haikua na ubaya, ilikua inafanya kazi yake vile ilitengenezwa. Kubadilisha hawakubali, kurudisha makuta hawakubali. Nikaja kuiuzisha dola 55 kwa prof mwenzangu anayetaka kusoma tu, nikamweleza wazi kwamba MP3 haichezi, akasema yeye hana haja ya kusikiliza, na mpaka leo anaifurahia.

Kitu nilikua sijui ni iki: kwenye lizezi nyingi, Bluetooth iliwekwa juu ya vitabu vya sauti vya duka lao wenyewe. Kindle za sasa, lizezi za Amazon, ziko na Bluetooth, lakini ni juu ya kusikiliza vitabu vya Audible, ambayo ni ya Amazon ileile, MP3 uliyotia mwenyewe hazichezi. Kobo, alama nyingine ya lizezi, zenye Bluetooth, kama Libra 2 iliyotoka 2021 na giga 32 ndani, nazo zimetengenezwa kwa vitabu vya sauti vya duka la Kobo. Kwa mtu anaishi Brussels ama Montréal, ako na kadi ya benki na intaneti ya nyumbani usiku kucha, iyo ni raha, anabonyeza na kitabu kinaingia. Sisi uku makuta yetu inalala kwa M-Pesa na Airtel Money, mega tunanunua za siku, na zaidi ya yote, sauti tunazotaka kusikia haziuzwi mahali popote. Hadithi ya mjomba haiko Audible. Kwaya ya parokia yetu haiko kwa duka la Kobo. Rekodi ya mahubiri, ya harusi, ya bibi akiimba, vyote ni MP3 ya mtu na nyumba yake. Na kinachoniuma ni kwamba Kindle ya kwanza kabisa, ile ya 2007, ilikua na tundu la ekutere (za masikio), MP3 ilikua inacheza, ata tundu la memori kadi ilikua nalo. Vilitoka kidogo kidogo, Paperwhite ya 2012 ikaja bila sauti yoyote, alafu baadaye Bluetooth ndo ikarudi, lakini ni ile ya Audible.

Kwaiyo mu duka usiulize "iko na audio?" Uliza "MP3 yangu mwenyewe, iyi niko nayo kwenye flashi, itacheza?" Na usikubali jibu la mdomo. Beba flashi na wimbo moja, omba waunganishe mashini na kompyuta ya duka, muweke ule wimbo, muchomoe kebo, usikie na masikio yako pale pale. Ni dakika 3. Muuzaji akikataa dakika 3, toka, ata kama bei ni nzuri.

Sasa giga, juu apa ndo watu wanaogopeshwa bure. Kitabu cha maneno matupu, riwaya ya EPUB (aina ya faili ya vitabu vya lizezi) ya kurasa 300, mara nyingi haifiki mega 2, na nyingi hazifiki ata 1. Mashini ya giga 8, ukitoa nafasi mfumo wake unakula, unabakiwa na kama 6, na mu 6 zinaingia vitabu elfu na elfu, hautavimaliza ata uishi miaka 100. Mtu anayesoma riwaya tu, giga 8 inamutosha na inabaki, asidanganywe kununua 32 kwa bei ya juu eti itajaa. PDF ndo zinaanza kula nafasi. Silabus (notisi za kozi), ile ya kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mdogo wangu anayesoma ISP, chuo cha walimu, aliniletea moja ya kurasa 180, peke yake mega 74, sawa na riwaya 50 na zaidi.

Alafu sauti ndo inakula kushinda vyote, na hesabu yake si ngumu. MP3 ya kbps 64 (namba ikipanda, sauti ni safi zaidi na faili ni kubwa zaidi), ambayo kwa mtu anayesema inatosha kabisa, ni mega 29 kwa saa moja. Ya 128 ni mara mbili yake, mega 58. Maana yake giga 1 inabeba kama saa 35 za kbps 64, ama saa 17 za 128. Mjomba na saa zake 3 na dakika 20, kwa 64, ni mega 96, basi. Telefone ilikua imemurekodi kwa M4A ya ubora wa juu, jumla inapita mega 300, nikavipitisha vyote kwenye programu ya VLC ya kompyuta, nikageuza MP3, mono, kbps 64. Nikamuwekea Mama zote mbili bila kumwambia ni ipi, hakuona tofauti, na mimi mwenyewe sikuona. Mzee moja amekaa kwenye kiti anasema, stereo itamusaidia nini.

Agano Jipya la Kiswahili la kusikiliza, sura kwa sura, folda yangu yote haifiki giga 1. Vitabu vya LibriVox, wale wa kujitolea walioanza 2005 kusoma kwa sauti vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimeisha, ni vya bure na vingi viko kwa 64 na kwa 128, chukua ya 64, mega zako zitakushukuru. Mu giga 16 yangu, mfumo ukishachukua fungu lake, niko na vitabu 400 na kitu, silabus za mdogo wangu, Agano Jipya, mjomba, nyimbo za kwaya, na bado zaidi ya nusu iko wazi. Era ilitoka pia ya giga 64, niliiangalia sana kabla ya kuagiza, sikuichukua na sijajutia.

Kuko wenye wanasema bora uchukue yenye tundu la memori kadi. Ni sawa kama utabeba PDF nyingi za picha ama muziki mingi sana. Era haina ilo tundu, ujue mapema. PocketBook Verse iko nalo, giga 8 na tundu la kadi, lakini angalia vizuri, Verse haina sauti kabisa. Verse Pro, jina karibu moja, sura karibu moja, inchi 6 zote mbili, yenyewe iko na giga 16, inacheza MP3 kwa Bluetooth, na maji haiogopi, lakini haina tundu la kadi na haina spika. Ukimutumia mtu ujumbe akuletee "Verse" na wewe ulitaka sauti, neno moja umelisahau na makuta imeenda. Andika jina lote, ongeza na picha ya karatoni.

Na memori kadi zenyewe za njiani, ile ya "giga 128" kwa dola 4, tafazali sana. Nyingi ndani ni kadi ndogo imeandikwa namba ya uongo. Inapokea faili zako zote bila kulalamika, wewe umefurahi, siku ya kufungua zimeoza. Kuko programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza kadi mpaka mwisho alafu inaisoma tena, inakuambia kadi ni ya kiasi gani kweli. Kadi moja nilinunua kama 64, ikatoka 7 na kitu. Kama rekodi iko moja tu duniani, kama ya mjomba, usiiweke kwa kadi ya ivyo, na ata kwa lizezi usiiweke peke yake. Mimi niko nayo mahali patatu.

Sasa Era yenyewe. Ni inchi 7, gramu 228, inaingia mfuko wa koti bila kupindisha koti. Kioo chake ni nukta 300 kwa inchi, herufi zinatoka safi kama za kitabu kipya. Pembeni kuko butoni za kugeuza ukurasa, na iyo naipenda kushinda nilivyofikiri, juu asubui kuko baridi na unasoma na mkono moja tu inje, mwingine uko mfukoni. Iko na IPX8, maana yake maji ya mvua haiuwi, na mtu wa Bukavu anajua mvua yetu haitoi onyo, unatoka Essence kuko jua unafika Panzi umelowa mpaka soksi. Ilishalowa mara mbili mu koti, niliipanguza na shati, ikaendelea.

Unaiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB-C, inaonekana kama flashi, unaburuta vitabu na MP3, unachomoa. Hakuna kujiandikisha kwanza, hakuna kuingiza kadi ya benki, hakuna intaneti ya lazima. EPUB, PDF, MOBI, DJVU, zote inafungua. Kwa sauti inakubali MP3, M4A, M4B, OGG. Ile siku ya kwanza niliweka folda ya mjomba, nikachomoa, vipande 11 vikajipanga kwenye orodha, nikabonyeza cha kwanza, na sauti yake ikatoka apo mu mkono wangu. Mama alikua jikoni. Akaacha mwiko akaja mpaka mlangoni.

Kitu kimoja cha kazi kuhusu majina ya faili: uandike 01, 02, 03 mpaka 11. Ukiandika 1, 2, 3, mashini nyingi zitapanga 1, 10, 11, alafu 2, na hadithi ya sungura itaisha kabla haijaanza. Ilinichukua jioni nzima kuelewa iyo, wewe sasa unajua.

Spika iko ndani, si lazima ekutere. Ni spika ya kitu chembamba, sauti ya mtu anayesema inatoka wazi, muziki unatoka mwepesi bila besi, usiinunue juu ya kuchezesha sherehe. Nyumba ikiwa kimya, Mama amekaa meta 2 anachambua maharagi kwenye ungo, anasikia kila neno, na naona mkono wake unasimama kwenye maharagi kila mara fisi anaingia. Ila mvua ikianguka kwenye mabati, hakuna spika ya lizezi itashindana nayo. Apo naunganisha bafle ndogo ya Bluetooth, naiweka kwenye meza karibu na sikio lake la kuume, na tunaendelea. Hadithi ukiifunga katikati, kesho inaanza pale iliachia, na unaweza kupunguza mwendo. Hadithi za mjomba hatupunguzi, alikua anasema taratibu mwenyewe, ila kusoma kwa Agano Jipya kunaenda mbio kidogo kwa Mama, nikishusha anatulia.

Kuko na ile ya kusomewa, mashini inachukua kitabu cha maandishi na kukisoma kwa sauti yake. Kifaransa inasoma vizuri, si kama mtu, lakini unafuata, napiga pasi mashati ya wiki nzima nikisikiliza sura mbili tatu za historia ya Afrika ya kati. Kiswahili ni mambo mengine. Kwenye sauti niko nazo ya Kiswahili haimo, nikajaribu kuipa sauti ya Kifaransa kitabu cha Kiswahili, na inafanya vile Kifaransa kinafanya: "u" inaigeuza kuwa ile "u" ya midomo mbele, na "e" ya mwisho inaimeza, kwaiyo "watu wote" inatoka kitu hakuna mama wa Kadutu atatambua. Mama alisikiliza ukurasa moja akaniambia zima. Kama unanunua juu ya mzazi asiyeona na anasikia Kiswahili tu, usihesabu iyo, hesabu MP3 iliyosomwa na mtu. Mimi nimeanza kumusomea mwenyewe na kurekodi, kidogo kidogo, nusu saa siku ya Posho (Jumamosi) wakati watoto wako inje.

Silabus, nitasema ukweli, inchi 7 ni ndogo kwa karatasi ya A4. Kama PDF ni ya maandishi ya kweli, Era inaweza kuyapanga upya herufi zikawa kubwa. Kama ni picha za fotokopi haiwezi, unabaki kukata kingo nyeupe za pembeni na kulaza mashini, na apo inasomeka, kwa uvumilivu. Mwanafunzi ambaye kazi yake yote ni silabus za picha atafute ya inchi 10, na ajitayarishe kwa bei yake. Ama aangalie Boox, alama nyingine ya lizezi, zile ziko na Android ndani kama telefone, kwaiyo unatia programu yoyote ya kusoma na ya sauti. Boox Page kwa mfano ni inchi 7, giga 32, iko na spika na tundu la memori kadi, yote kwa moja. Kinachorudisha nyuma kwa sisi wa delestaji ni kwamba Android inakula betri kushinda lizezi ya kawaida, na mtu asiyependa mambo mengi, Android inamuletea mambo mengi.

Betri, juu kila mtu ananiuliza. Kioo cha namna iyi kinakula moto wakati ukurasa unageuka, ukikaa kwenye ukurasa moja picha inabaki bila kula kitu, kinachokula ni taa na sauti. Nikisoma tu saa moja kwa siku, nachaji mara mbili kwa mwezi. Tangu tumeanza hadithi kila jioni ni mara moja kwa wiki, na Bluetooth inakula kushinda spika ya ndani. Ata ivyo wiki nzima uku Panzi ni kitu kikubwa, umeme ukirudi saa 8 ya usiku wewe umelala na hauna wasiwasi.

Kitu cha kuogopa ni kioo. Kwenye lizezi nyingi ndani ya kile kioo kuko bilauri nyembamba sana, ikibanwa inapasuka ndani, inje hauoni kitu, ila nusu ya ukurasa inabaki na mistari myeusi. Prof mwenzangu mwingine, ya kwake ilipasuka mu mfuko kwenye moto-teksi, akaizungusha kwa mafundi wote wa telefone, hakuna mwenye alikua na kioo chake. Mimi nilichukua kipande cha karatoni ngumu na kitenge cha zamani nikapeleka kwa fundi cherehani wa karibu, akanishonea kifuniko kwa franka kidogo, karatoni iko upande wa kioo, na ndani ya begi la shule inakaa kati ya vitabu viwili, kamwe si karibu na funguo.

Niliipata vipi. Binamu yangu wa Brussels alinunua kule, ikasafiri na mtu mpaka Kigali, ikashuka Kamembe na basi, mimi nikaipokea Ruzizi. Mkononi ilinifikia dola 235, ndani yake na ya kumushukuru mwenye alibeba. Ni mingi kwa mwalimu, nilikusanya miezi 5. Kama ningekua natafuta kusoma tu nisingelipa ivyo, ningechukua ya giga 8, ata ya mtumba, na ningetosheka. Mdogo wangu sasa anataka ya kwake, na yeye ako na ekutere zake za Bluetooth na hajali spika, kwa iyo yeye tutamuagizia Verse Pro, ni ndogo, inashikika, na MP3 zake za masomo zitacheza.

Wiki iliyopita Mama aliniomba hadithi ya 7, ile mjomba anakohoa kwa muda mrefu katikati. Nikamwambia Mama, naweza kuondoa icho kikohozi, kuko programu inaitwa Audacity, nakata sekunde 20 na hadithi inaenda moja kwa moja. Akanyamaza kidogo, akasema acha, apo ndo alikua ananiangalia.